Mtani Asiyetaka Kulazwa

Dokta Selia ameniomba niandike maneno machache kwa ajili ya vijana watakaokikalia kiti changu. Nikamwuliza, "Machache kiasi gani?" Akasema niandike mpaka nichoke. Hapo amekosea mwenyewe. Mtu aliyestaafu hachoki. Anao mchana mzima, na kuku wangu si wasikilizaji wazuri.

Vyeo nitaviruka. Mshahara nao nitauruka, kwa kuwa miezi mingine wenyewe ulikuwa ukiniruka mimi. Nataka kusema juu ya kazi yenyewe, na hasa lile jambo ambalo kila kijana huniuliza kabla hajajua hata choo kiko wapi: mgonjwa wa akili akisema hataki kulazwa, tumlaze? Chuoni mlipewa jibu. Mimi pia nilipewa, na lilidumu mpaka nilipofika kazini.

Kwa wasionijua, jina langu ni Anshia. Nilikuwa mtaalamu asiye daktari, wanayemwita tekniko wa magonjwa ya akili, jina ambalo watu wa pwani yetu waliliona refu mno, wakaniita Bi Anshia wa Vichaa. Mwanzoni lilinikera. Baadaye nikagundua kwamba sokoni hakuna anayethubutu kunipunja, nikalizoea.

Siku ya kwanza nilifika na sare mpya iliyopigwa pasi hadi ikaweza kusimama yenyewe. Mkubwa wangu alikuwa nesi mmoja mfupi, mtulivu, Mzee Saidi. Alinitazama juu hadi chini akasema, "Sare nzuri. Ivue. Vaa kanga zako ukakae kwenye benchi lile." Benchi lenyewe lilikuwa chini ya dirisha la chumba chetu, na mji mzima ulijua ni la watu gani. Nikauliza naenda kusubiri nini. Akasema, "Subiri tu."

Nikakaa. Kina mama waliokuwa kwenye foleni ya kupima watoto uzito wakaanza kunong'ona. Mmoja akanikatia kipande cha muhogo akaniwekea mbali kidogo, kama anavyowekewa paka mgeni. Sijamaliza kutafuna, akapita mama yangu mkubwa, Zaituna, na sinia la samaki kichwani.

"Anshia! Yarabi! Tangu lini?"

"Mama mkubwa, mimi mzima. Nimeanza kazi leo."

"Ndiyo, mwanangu. Umeanza kazi." Sauti yake ilikuwa laini kupita kiasi. "Kaa hapo hapo, usiondoke, sawa?"

Akaenda mbio, samaki wakimwanguka njiani. Niliporudi nyumbani alasiri nikakuta ubani unafuka, walimu wa chuo cha dini wamekaa mkekani wanasoma, na bakuli la kombe, maji ya aya zilizooshwa, linanisubiri. Kila nilipoapa kwamba mimi mzima, wakaitikia Amina kwa nguvu zaidi. Nikapandisha sauti, mjomba akaenda kusimama mlangoni. Nikacheka, mama akalia. Mwishowe nikaona la busara ni kulinywa tu lile kombe. Mzee Saidi alipokuja mwenyewe kueleza, mama alimpokea kwa mikono miwili na kumshukuru kwa kuniwahi.

Kesho yake Mzee Saidi alinirudishia sare yangu. "Sasa umesoma," akasema. "Mtu akishakalishwa pale, akikana ni dalili, akinyamaza ni dalili, akicheka ndiyo kabisa. Kila utakapotaka kumwambia mtu kwamba yeye ni mgonjwa, mkumbuke mjomba wako alivyosimama mlangoni." Chuoni nilikaa miaka, lakini somo lile la benchi nalikumbuka kuliko mengine yote.

Tulikuwa na chumba kimoja tu cha kulaza, nyuma ya ghala la vyandarua. Mlango wake ulikuwa na komeo upande wa ndani. Nje haukuwa na kitu. Nilidhani fundi alikosea. Mzee Saidi akaniambia aliagiza hivyo makusudi. "Anayemfungia mwenzake mlango, afunge akiwa naye ndani," alisema. "Joto likizidi limzidi na yeye." Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini tulifunga watu wachache mno. Mtu hujiuliza mara nyingi kama mgonjwa huyu kweli ni wa hatari, akikumbuka kwamba atashinda naye kwenye chumba kisicho na feni. Vifaa vyangu vya kazi, tangu siku hizo, vikawa chupa ya chai, dhumna za kuchezea, na kanga moja pana ya ziada. Sindano ilikuwepo, lakini ilikaa chini kabisa ya mkoba.

Mzee Saidi alinipeleka pia kijiji cha Quiterajo, kwa mama mmoja aliyemfunga binti yake kwenye gogo. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumfokea. Binti yule alisikia sauti zikimwita baharini, naye alikuwa akiitika. Mama alikuwa na shamba la kulima, na hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Sijafungua kinywa akaniambia, "Bibi, nimfunge au nimzike? Nichagulie wewe." Mzee Saidi akakaa chini, akaishika ile kamba, akasema, "Umemzungushia kitambaa asichubuke. Mkono wa mama huu." Ndipo yule mama akalia, na ndipo tukaweza kuzungumza habari za dawa. Baadaye gogo lile walilipasua kuni, na binti huyo leo anauza vitumbua ambavyo daktari amenikataza na mimi nakula. Wengi wanaofunga watu wao ni wenye kuwapenda. Hilo haliifanyi kamba iwe nzuri, ila linakuonyesha pa kuanzia.

Kisha ikaja miaka ya vita. Tulitawanyika, wengine visiwani, wengine Pemba, ule mji wetu wala si kisiwa, wengine ng'ambo ya Ruvuma kwa ndugu. Sitayaandika hayo kwa urefu, aliyekuwepo anayajua. Mzee Saidi alikuwa ameshafariki kwa uzee wake, Mungu amrehemu, hakuyaona. Watu walipoanza kurudi nilipangiwa kituo cha kaskazini zaidi, mahali ambapo anga likitakata unakiona kisiwa cha Rongui, nikaenda pamoja na mama mkubwa Zaituna, ambaye hata wakati huo alikuwa akinichungulia machoni kila asubuhi kuhakikisha. Kituo hakikuwa na mabati wala milango. Nikamwagiza seremala mlango, nikamweleza komeo likae wapi, akanitazama kwa huruma.

Hapo nilimkuta Dokta Selia, msichana kutoka kusini kabisa, mji mkuu, mwenye kupenda sheria kuliko chakula. Na hapo nilimkuta Agostinyo.

Agostinyo alikuwa fundi wa mashine za boti, Mmakonde aliyeshuka kutoka bara na kumwoa Rabia, mwanamke wa pwani. Mama yangu mimi ni Mmakua, na Wamakua na Wamakonde ni watani. Wako watakaobisha nani ni mtani wa nani, lakini huku kwetu ndivyo tulivyowakuta wazee. Mtani wako atakutukana mbele za watu, atachukua kuku wako, atakuja kuuchekesha msiba wako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Siku aliponiona mara ya kwanza Agostinyo alisema, "Kumbe huyu mtumwa wangu amesoma!" Nikamjibu kwamba babu yake aliuzwa kwa babu yangu kwa kichwa cha papa mkavu, na hadi leo ukoo wetu unalia hasara. Tukapendana tangu hapo.

Mama mkubwa Zaituna alipofariki, Agostinyo alikuja kama mtani anavyopaswa kuja. Jeneza tupu lilikuwa uani. Akaingia akalala ndani yake, akasema nafasi imeshachukuliwa, bibi atafute usafiri mwingine. Desturi ni kwamba mtani hupewa kitu ndipo ainuke. Tukampa kuku. Akampokea, wala hakuinuka. Akaanza kulipima jeneza kwa shubiri, akasema linahitaji mashine nyuma, maana huyu bibi alikuwa mzito na huko aendako ni mbali. Watu walicheka hadi shehe akajishika ndevu. Mimi nilicheka na machozi ya kumlilia mama yangu mkubwa yako mashavuni. Maiti akatolewa ndani, vilio vikapanda, na Agostinyo bado yumo, anafunga pangaboi la mashine ya boti kwenye mguu wa jeneza. Vijana wakamwinua wakamweka kando, nao wanacheka. Rabia peke yake alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, na hakuwa anacheka.

Haukupita muda Agostinyo akazifungua mashine zote za boti za ufukweni. Aliziosha boliti moja moja kwa maji matamu, na maji matamu kwetu si kitu cha kuchezea, akazilaza kwenye mikeka kwa koo zao, kubwa na ndogo zake. Petroli aliimwaga mchangani. Alisema mashine zimechoka kukimbia, kama watu walivyochoka, na kwamba bahari yenyewe humbeba yule asiyeilazimisha. Akapanda mtumbwi bila kafi aende Rongui. Wavuvi walimrudisha akiwa ameshafika kwenye mkondo. Safari ya pili wakamleta kituoni, na walimleta kwa kamba, na wenye mashine walikuwa na fimbo.

Dokta Selia aliamuru afunguliwe kabla hajasema hata salamu, na alikuwa na haki. Akamkalisha, akamhoji kwa adabu, mimi nikitafsiri. Agostinyo alijua yuko wapi, alijua majina ya watoto wake. Dokta akanionyesha mimi: huyu unamjua?

"Huyu? Mtumwa wangu. Bibi yake nilimnunua mwenyewe kwa kichwa cha papa."

Dokta akaandika kitu. Nikamwambia kwa Kireno afute, huo si ugonjwa, huo ni utani wa makabila yetu. Akafuta. Akauliza habari ya mashine kwenye jeneza. Nikamweleza tena, utani. Akafuta. Tuliendelea hivyo hadi tukakaribia kumwondolea mgonjwa dalili zote. Yeye hakuujua utani, akauona ugonjwa kila mahali. Mimi niliujua mno, nisiuone popote.

Rabia alikuwa amesimama kizingitini. "Dotora, niwie radhi," akasema. "Mtani anajua mahali pa kukoma. Maiti akishatoka, mtani naye hushika jeneza akabeba kama wengine. Miaka yote mume wangu hukoma. Safari hii hakukoma."

Nikamtafsiria Dokta, akaandika, na safari hii sikumwambia afute. Basi, alikuwa mgonjwa. Lakini mgonjwa mwenyewe alikuwa na neno lake: "Mimi si mbuzi. Nimekuja kwa kamba, naondoka kwa miguu."

Mimi na Dokta tukatoka kwenda kugombana ukumbini. Alisema hajamdhuru mtu, amekataa, na kukataa ni haki yake. Nikamwambia haki haijui kuogelea. "Na ukimfungia kila mtu wa pwani hii anayeweza kuzama, mama Anshia," akanijibu, "nani atabaki nje?" Swali hilo amenishinda nalo mpaka leo. Tulipogeuka, kiti cha Agostinyo kilikuwa kitupu.

Tukamkuta ufukweni, anausukuma mtumbwi. Wanaume wa kamba wakaanza kuikunjua. Mimi ni mwanamke mnene, na kwa mara moja maishani unene wangu ukawa na kazi: nikauwahi ule mtumbwi, nikakaa ndani yake. Nikapiga kelele, "Nimeuteka! Mwenyewe aje aukomboe!"

Agostinyo akasimama. Alikuwa anaugua, lakini mtani ni mtani. "Unataka nini, mtumwa?"

"Uje ulale kwangu, nikupe dawa ya usingizi."

Akanitolea pangaboi liwe fidia. Nikakataa. Akamtaja yule kuku wa msibani. Nikasema kuku ni wetu. Ufuo mzima ulikuwa unacheka, na fimbo zimeshashuka. Mwishowe akacheka na yeye, akanishika mkono kunitoa, akaja nami hadi kituoni, akameza dawa, akalala. Dokta Selia alikuja nyuma amenibebea viatu vyangu. Nilitembea kama mtu aliyemwoza binti yake kwa mfalme.

Alipoamka akasema, "Pronto, basi, nimelipa. Nakwenda." Na kwa desturi alikuwa na haki, deni la utani ni moja na alikuwa amelilipa. Macho yake bado yalikuwa yanawaka, na alikuwa anauliza mtumbwi uko wapi. Nikatafuta utani mwingine, sikuupata. Nikamtazama Dokta, mpenda sheria, naye ndiye aliyesema, "Tumzuie." Yeye na mlinzi wakamshika mikono, mimi nikamshika miguu. Agostinyo alipiga ukelele ambao Rabia, nje, aliusikia akiwa ameegemeza uso ukutani. Nikachoma sindano. Kisha nikasukuma komeo, nikakaa chini.

Siku zilizofuata sitazifanya kuwa ngumu kuliko zilivyokuwa. Kulikuwa na joto, kulikuwa na dhumna, na kulikuwa na matusi ambayo sikuwa nimeyasikia tangu bibi yangu afe. Dokta alikuja kupokezana nami, akafungwa vibaya kwenye dhumna, akatuhumu kwamba tunaiba, na tulikuwa tunaiba. Usingizi ukaanza kumrudia Agostinyo. Mchana mmoja alikuwa katikati ya kuusema ukoo wangu, kizazi cha tano au cha sita nyuma, tukasikia kilio cha msiba kutoka wodi ya jirani. Akakatiza neno mdomoni. Akainamisha kichwa. Baadaye kidogo akaniuliza, "Wana watu wa kutosha kubeba?" Nilifurahi hadi nikamwaga chai.

Akarudi nyumbani, akazifunga mashine zote. Wenyewe walisema zinaunguruma vizuri kuliko zilipokuwa mpya. Ilibaki boliti moja isiyo na mwenyewe, na kila mwenye mashine, yake ikikohoa, huja kuidai.

Halafu siku moja alikuja kituoni, akakaa kwenye benchi, akaniita. "Leo sikutanii," akasema. "Nani alinishika miguu?"

"Mimi."

"Nilijua. Mikono mizito. Nashukuru kwamba niko hai. Na sijakusamehe. Yote mawili, usiniambie nichague moja."

Nikamwambia sindano ilibidi.

"Sindano si neno. Neno ni ule mtumbwi. Uliuchukua utani wetu ukaufanya mtego. Sasa ukinitania, naitazama mikono yako kwanza."

Liliniuma, na nikamwambia limeniuma. Nikamwambia pia kwamba bila mtego ule angekuwa chakula cha samaki. Akasema, "Huenda." Mimi sijuti kwamba yuko hai, na ikinibidi kuukalia mtumbwi tena, nafikiri nitaukalia. Lakini tangu siku ile sijamchekesha mgonjwa huku najua sindano iko njiani. Kama ni lazima kumshika mtu, nakwenda kumshika na uso wangu wa kushika.

Agostinyo akaendelea: "Kitu hiki kinaweza kurudi. Waite Dotora na Rabia. Nataka niwaambie, nikiwa mzima, nitakavyochukuliwa."

Tukakaa wanne kwenye benchi lile, watu wakipita wakituhesabu. Akasema hataki kamba. Hataki mbele ya watoto. Hataki kuguswa na mtu yeyote mwenye mashine. Hataki utani. "Na nitakataa," akasema. "Mimi nikiugua ni mjanja. Mkinikumbusha maneno haya nitawaambia aliyeyasema ndiye aliyekuwa mgonjwa. Basi msinisikilize mimi, na nyie pia msijisikilize. Mwulizeni Rabia. Akisema bado, ondokeni. Akisema sasa, njooni."

"Mbona mzigo wote unanitwika mimi?" Rabia akauliza.

"Wote walicheka siku ile ya msiba. Wewe hukucheka."

"Na hutanichukia?"

"Nitakuchukia. Nikipona nitaacha."

Rabia akafikiri, akasema basi, kama ni kwa muda, ameridhika. Dokta Selia alikuwa akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Tangu hapo nikalifanya swali hilo kuwa kazi, na nawaachieni nyie: mtu akishapona, kabla hajaaga, mwulizeni akiugua tena angependa achukuliwe vipi na nani. Mmoja alitaka redio yake ije naye. Mwingine alitaka mkwewe asiambiwe kabisa. Fundi cherehani mmoja alisema tusimchukue kwa hali yoyote ile, na tukabishana naye vikao vingi, na bado tunabishana. Kila akija ananiletea chapati ili nishindwe kwa adabu.

Karibu na kustaafu kwangu, Rabia alituma habari kwamba mumewe ameanza tena kuosha boliti. Tukaenda asubuhi, Dokta na mkoba wake. Agostinyo alikuwa mkekani kati ya vyuma, macho yanawaka. Dokta akamkumbusha, kwa Kiswahili alichokwisha kujifunza, maneno ya kwenye benchi.

"Mmekuja kwa maneno ya yule?" Agostinyo akasema. "Yule alikuwa mgonjwa. Mzima ndiye huyu."

Nilijing'ata ulimi nisicheke. Alikuwa ametuahidi hivyo hivyo. Tukamgeukia Rabia.

"Bado," Rabia akasema. "Halali, lakini anakula chakula changu. Petroli hajaimwaga. Bado."

Dokta akauinua mkoba wake. Tukaondoka. Wanangu, nimeshika miguu ya wanaume wenye nguvu, lakini kazi nzito kuliko zote niliyoifanya ni kuipa mgongo nyumba ile na dawa iko mkobani. Siku nzima Dokta alikuwa akienda dirishani kutazama bahari, na mimi nikimwambia aache, kisha naenda mwenyewe. Niliogopa. Kama angezama, neno "bado" lingemwua Rabia pia.

Kesho yake kabla ya adhuhuri akaja shemeji wa Rabia na ujumbe: Rabia anasema sasa.

Watoto walikuwa wameshapelekwa kwa jirani. Uani kulinuka petroli, na sahani ya wali ilikuwa mkekani haijaguswa. Rabia alisimama mbele ya mumewe. "Sasa, baba watoto."

"Rabia. Na wewe?"

"Mimi ndiye uliyenichagua."

"Sikukuchagua mimi. Alikuchagua yule."

"Yule ndiye mume wangu," Rabia akasema. "Wewe nakutunza tu mpaka arudi."

Hakuna aliyemgusa Agostinyo. Akafuta mikono yake kwa kitambaa cha mafuta, kidole kimoja kimoja, akainuka. Tulitembea naye katikati, Rabia amemshika ncha ya shati, naye akitutukana njia nzima, na hayakuwa matusi ya utani. Kwenye mlango wa chumba akasimama.

"Sijaja kwa hiari yangu," akasema. "Msije mkasema nilikubali."

Nilikuwa natafuta neno laini la kumwambia, maana nimezoea kutafuta maneno laini. Dokta Selia alinitangulia.

"Hukukubali," akamwambia. "Umekataa, na sisi tumekuleta. Hivyo ndivyo nitakavyomjibu kila atakayeniuliza."

Agostinyo akamtazama, akatikisa kichwa kuitikia. Kisha akavua ndala zake, akaziweka sawa pembeni, akaingia.